Daftari la mwalimu na mtoto "asiyesema"



Leo nataka kuwahadithia kosa langu mwenyewe, kisha nilitafutie asili yake katika historia, maana nimekuja kuona kuwa si mie wa mwanzo kulifanya.

Mwaka 2006 nilikuwa msaidizi wa mwalimu katika chekechea moja hapa London. Kazi yetu, mbali na kufuta makamasi na kuvalisha makoti, ilikuwa kuwaangalia watoto na kuandika: nani anahesabu, nani anazijua rangi, nani anacheza na wenzake. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu, wazee wake watu wa Unguja, analelewa na bibi yake. Darasani kimya, hata maji haombi, ananyoosha kidole tu. Nikajaza fomu: hasemi, hahesabu. Mie, Mswahili mtupu, ndiye niliyeandika hivyo! Fomu ilikuwa ya Kiingereza, nami darasani nikisema Kiingereza kama wenzangu, basi haikunipitikia kumsemesha kwa lugha yake.

Jioni moja bibi alikuja kumchukua, mvua ikawazuia mlangoni. Mtoto akaanza kumsimulia namna wenzake walivyogombania gari jekundu, nani kamsukuma nani, na kwamba magari yalikuwa matatu, si mawili. Nilisimama pale nikaona haya.

Ndipo nikaanza kusoma habari za hivi vipimo vimetoka wapi. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutazama watoto wanaoshindwa na masomo, na mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo chao cha akili. Nia ilikuwa kuwajua wenye haja ya msaada ili wasaidiwe. Binet mwenyewe alipinga vikali fikra ya kuwa akili ya mtu imeshakadiriwa na haiongezeki. Lakini chombo kikishatoka mkononi mwa fundi, kila mtu hukitumia atakavyo. Henry Goddard alikipeleka Marekani, na mwaka 1913 wasaidizi wake wakawapima wahamiaji waliokuwa wakiteremka Ellis Island, bandarini New York. Watu wametoka melini, wamechoka, wanaulizwa kupitia mkalimani. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1917 yalisema katika makundi aliyoyapima takriban wanne katika kila watano ni wapungufu wa akili! Ikiwa hayo yaliwafika watu wazima, seuze mtoto wa miaka mitatu?

Njia ya pili ilianza Cambridge, Oktoba 1924, katika skuli ndogo iliyoitwa Malting House, iliyoanzishwa na Geoffrey Pyke. Mkuu wake alikuwa Susan Isaacs. Huyu mama na wenzake waliandika mtoto kasema nini na kafanya nini, palepale, kwa tarehe, na maoni yao wakayaweka mbali. Kisa kinachojulikana sana ni cha sungura aliyekufa Julai 1925. Mtoto mmoja alijua kuwa kafa kwa kuwa tumbo halipandi wala halishuki tena. Mwengine akasema baba yake kamwambia akitiwa majini atafufuka. Mwalimu hakumkosoa, alisema hebu tujaribu tuone. Wakamtia majini, kisha wakamzika.

Sasa zingatieni. Ungemuuliza yule mtoto wa pili kwa fomu, ungemtilia alama ya kosa ukaendelea na safari yako. Daftari lilionesha kitu chengine: watoto wanatafuta ushahidi, wanabishana, wanakubali kujaribu. Isaacs alichapisha kumbukumbu hizo katika vitabu viwili, 1930 na 1933, na kwa hizo akambishia hata Piaget, akisema watoto wadogo huwaza vizuri zaidi kuliko wanavyoonekana wakihojiwa.

Najua mtasema, na mtasema kweli, kwamba Isaacs alikuwa na watoto wachache, wa wazee wasomi, na walimu wenye nafasi. Sisi kila mmoja alikuwa na watoto wanane na rundo la makaratasi. Ni kweli, lakini kumbukeni Mombasa. Mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za madrasa, kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na baadaye kazi hiyo ikafika Zanzibar na Uganda. Walichukua mtaala wa High/Scope wa Marekani, ambao msingi wake ni mwalimu kumtazama mtoto akicheza na kuandika anachokiona, lakini hawakuuvaa kama ulivyo. Waliurekebisha kwa lugha, nyimbo na hadithi za watoto wenyewe, na vifaa wakavitengeneza kwa vitu vinavyopatikana papo hapo. Na fedha hazikuwa nyingi.

Hapa Uingereza wenyewe wamejifunza, ingawa kwa kuchelewa. Mwongozo wa kisheria wa elimu ya awali wa mwaka 2012 ulimtaka mwalimu, kama mtoto hakimudu Kiingereza, azungumze kwanza na wazee kuhusu lugha ya nyumbani kabla hajasema kuwa mtoto kachelewa kusema. Niliposoma kifungu kile nilimkumbuka yule bibi na mvua yake.

Mie nilirudi kwa mwalimu mkuu wa darasa kesho yake, nikamwambia nimekosea. Tukaandika ukurasa mpya: maneno ya mtoto kwa Kiswahili, tafsiri yake chini, na tarehe. Alikuwa keshapangiwa kupelekwa kwa mtaalamu wa usemi. Safari ile ikasitishwa, tukamsubiri. Baada ya miezi michache alikuwa anagombania gari jekundu kwa Kiingereza.

Kwa hivyo wazee wenzangu mlio huku, mkiitwa skuli kuambiwa mtoto "hasemi", msirudi nyumbani na huzuni. Ulizeni: mmemsikiliza kwa lugha gani? Na nyinyi mnaofanya kazi hii, kama nilivyokuwa mie, andikeni mlichokiona kwanza, hukumu baadaye.

Mwenye kisa kama hiki naye akilete tujifunze.