Moyo Uliozikwa Ilala

Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza alikufa Aprili 1199 kwa jeraha la mshale alilolipata akiizingira ngome ya Châlus, Ufaransa. Hakuzikwa mahali pamoja. Matumbo yake yalibaki Châlus, mwili ukapelekwa Fontevraud alikolala baba yake, na moyo ukatiwa dawa, ukawekwa katika kijisanduku cha madini ya risasi na kuzikwa katika kanisa kuu la Rouen. Kijisanduku hicho kilifukuliwa mwaka 1838. Mwaka 2013 wanasayansi wa Ufaransa waliochunguza vumbi lililosalia ndani yake walikuta chembe za mnanaa, ubani na zebaki.

Richard ndiye aliyepewa lakabu ya Moyo wa Simba. Kwa Wazungu wa zama zile moyo ulikuwa makao ya ushujaa, mapenzi na hata kumbukumbu, na mtu mkubwa akiagiza moyo wake uzikwe mahali fulani, alikuwa anaueleza ulimwengu alikopenda kuwa. Papa Bonifasi wa Nane alikataza kukatakata maiti mwaka 1299, lakini wakubwa waliendelea. Robert Bruce, mfalme wa Scotland aliyefariki mwaka 1329, aliagiza moyo wake upelekwe Nchi Takatifu. Sir James Douglas akausafirisha, akauawa vitani Hispania mwaka uliofuata, na moyo ukarudishwa kuzikwa katika abasia ya Melrose. Hata mwanamuziki Chopin, aliyefia Paris mwaka 1849, moyo wake ulichukuliwa na dada yake hadi Warsaw, na uko huko mpaka leo ndani ya nguzo ya kanisa.

Hao walifanyiwa hivyo na jamaa na watumishi wa kwao, kwa desturi ya kwao. Moyo wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, ulizikwa na wapagazi na watumishi wa Kiafrika, mbali na mkubwa yeyote wa kuwaamuru.

Livingstone alifariki alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, kusini mwa Ziwa Bangweulu, katika Zambia ya leo. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Walioitwa kwanza ni Susi na Chuma. Abdullah Susi alitoka Shupanga, Msumbiji, na alianza kazi kwa Livingstone mwaka 1863. James Chuma alikuwa Myao aliyekombolewa akiwa mtoto kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861. Pamoja nao alikuwepo Jacob Wainwright, Myao mwingine, aliyesomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India, na ndiye aliyejua kuandika vizuri.

Walifanya mambo kwa utaratibu ninaoustaajabia kila nikiusoma. Masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, na Jacob akaorodhesha kila kilichokuwemo, ili baadaye asitokee mtu wa kusema kitu kimeibwa. Kisha wakashauriana na kukubaliana: maiti ipelekwe pwani. Kumzika palepale kungekuwa rahisi, na Livingstone mwenyewe mwaka 1868 alikuwa ameandika, baada ya kupita kaburi msituni, kwamba kaburi la namna ile ndilo angelipenda. Lakini bila mwili, nani Zanzibar au London angewaamini?

Maiti isingefika pwani bila kukaushwa. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, akapasua tumbo akisaidiwa na mwenzake Carras. Upande wa kushoto walikuta pande la damu iliyoganda, ukubwa wa kiganja. Moyo na viungo vingine vya ndani wakavitia katika kopo la bati lililokuwa la unga, wakalizika chini ya mti wa mpundu, na Jacob akasoma ibada ya maziko. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani siku 14. Chifu Chitambo, aliyekuwa amefichwa habari mwanzoni, aliomboleza pamoja na watu wake.

Kwa hiyo moyo ulizikwa Ilala kwa sababu maiti ilikuwa haina budi kutolewa viungo vya ndani. Magazeti na wahubiri wa Uingereza walipenda maelezo mengine: kwamba Livingstone aliiachia Afrika moyo wake. Simlaumu anayefarijika kwa maneno hayo. Ila yanamfanya marehemu aonekane ndiye aliyeamua, na wale walioamua hasa hawatajwi.

Mwili ulifungwa kwa marikani, ukaviringishwa gome la mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Safari ya zaidi ya kilomita 1,600 ikaanza. Baadhi yao walikufa njiani kwa maradhi. Mwezi Oktoba, Kwihara karibu na Tabora, walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike hapo. Wakakataa.

Huko mbele, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wapagazi wakafunga mabua ya mtama ndani ya kitambaa hadi yakawa na umbo la maiti, na watu wakaubeba mzigo huo hadharani kana kwamba wanairudisha maiti Unyanyembe, upande wa Tabora. Usiku wakayatawanya mabua porini na kuufuata msafara. Mwili wenyewe ulikuwa umefungwa upya uonekane mtumba wa kawaida wa nguo, nao ukapita.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Meli ya kivita ya Kiingereza iliuchukua mwili hadi Zanzibar. Wapagazi walilipwa mshahara wao na kuagwa. Katika mazishi ya Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, Jacob Wainwright pekee kati ya waliombeba ndiye aliyekuwepo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye mwaka huohuo, wakamweleza Horace Waller, mhariri wa shajara ya Livingstone, hatua kwa hatua, yaliyotukia siku za mwisho. Bila wao sura hiyo ya shajara isingeandikwa.

Mpundu ule ulikatwa mwaka 1899. Sehemu ya mti wake ilitumika kutengenezea msalaba ulioko katika kanisa la Waanglikana Mkunazini, Zanzibar, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Kipande chenye maandishi aliyoyachonga Jacob kilipelekwa London, katika Chama cha Kifalme cha Jiografia. Juu yake lipo jina la Livingstone, tarehe 4 Mei 1873, na chini yake majina matatu ya wenzake: Yazuza, Mniasere na Vchopere. Sijui kaburi lingine la moyo wa mkubwa wa Ulaya ambalo waliozika waliandika majina yao.

Chama hicho kiliagiza medali 60 za fedha kwa ajili ya msafara ule. Zilipofika Zanzibar wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kutawanyika. Mniasere na Vchopere, yaani Manua Sera na Uchopere, waliondoka Bagamoyo Novemba 1874 wakiwa na mpelelezi Stanley, na hawakusimama mpaka mdomo wa Mto Kongo mwaka 1877.