Leseni Peke Yake Haikutosha

Simulizi nyingi za programu huria huanzia kwenye leseni: kampuni imeachia msimbo wake, basi tangu siku hiyo kila mwenye nia anaweza kuchangia. Historia ya LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, haikubaliani na simulizi hiyo. Msimbo wake ulianzia Lüneburg, Ujerumani, ambako Marco Börries alianzisha kampuni ya Star Division mwaka 1985 akiwa bado kijana wa shule. Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, na Oktoba 2000 ikauweka msimbo hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Ruhusa ilikuwapo, tena kamili. Lakini kwa karibu miaka 10 iliyofuata, sehemu kubwa ya kazi iliendelea kufanywa na waajiriwa wa Sun wenyewe. Mtu wa nje aliyetaka kurekebisha hitilafu moja tu alitakiwa kwanza atie saini mkataba wa kuipa Sun umiliki wa pamoja wa kazi yake, kisha aingie katika mamilioni ya mistari ya msimbo ambayo maelezo mengi yaliyoandikwa ndani yake yalikuwa kwa Kijerumani.

Atakayebisha kwamba mlango ulikuwa wazi ana mfano wa karibu: Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili lililotoka mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Sweden. Ni mfano mzuri, ila unathibitisha jambo jingine. Mfasiri hupewa orodha ya maneno ya menyu na ujumbe; anamaliza moja, anakwenda jingine, bila kulazimika kujua programu inavyofanya kazi ndani. Watu hujitokeza pale kazi inapokuwa imeshakatwakatwa. Upande wa msimbo, vipande vya namna hiyo vilikuwa adimu.

Kampuni ya Oracle ilipokwisha kuinunua Sun, baadhi ya wachangiaji wa OpenOffice.org walijitenga, na tarehe 28 Septemba 2010 wakatangaza taasisi ya The Document Foundation na programu ya LibreOffice. Sharti la kugawana hakimiliki likafutwa. Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni orodha waliyoiita Easy Hacks: kila kazi ikielezwa ugumu wake, ujuzi unaohitajika na faili la kuanzia. Miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa kuyageuza yale maelezo ya Kijerumani kuwa ya Kiingereza. Kuna wanaodharau: kufasiri mstari unaoanza kwa mikwaju miwili ni uandishi wa programu kweli? Hapana, kompyuta haiutekelezi kabisa mstari huo. Lakini ili abadilishe mstari huo mmoja, mgeni ilimbidi apakue msimbo wote, aujenge kwenye mashine yake (shughuli inayoweza kula saa kadhaa), atengeneze kiraka cha mabadiliko yake, akitume, na akubali kusahihishwa na mtu asiyemfahamu. Akimaliza, njia yote ameshaipita. Kilichobaki ni ugumu wa kazi yenyewe.

Pingamizi zito ni kwamba kazi ngumu hasa ziliendelea kubebwa na watu wanaolipwa, wakiwamo wa kampuni za Novell na Red Hat, na kwamba wageni wengi hutuma kiraka kimoja wakapotea. Yote mawili ni kweli. Tena fundi mzoefu angeweza kuimaliza kazi ndogo kwa dakika chache, badala ya kukaa aandike maelekezo na kuiacha imsubiri mgeni. Ukihesabu msimbo wa leo, hiyo ni hasara. Ila wazoefu nao huchoka au hubadili ajira, na programu iliyoanza mwaka 1985 imeshawapita wengi. Maelezo ya Kijerumani nayo hayakuwa ya kudumu. Yalivyopungua ilibidi zitafutwe kazi nyingine za wanaoanza, na The Document Foundation ikafikia kuajiri watu ambao jukumu lao ni kuwalea waandishi wapya wa msimbo.