Mpira Usiozunguka

Mwaka 1996, picha moja kwenye jalada la jarida la Baseball America ilimpotezea kijana wa Nashville dola 735,000. Kijana huyo ni R.A. Dickey, wakati huo akiwa na miaka 21, mmoja wa warushaji wa timu ya besiboli ya Marekani iliyotwaa medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Atlanta. Klabu ya Texas Rangers ilikuwa imemchagua katika raundi ya kwanza na kumwahidi dola 810,000. Kisha mtaalamu wa tiba wa klabu akaitazama picha ile, Dickey amesimama na wenzake, akaona mkono wake wa kulia unaning'inia vibaya. Vipimo vikaonyesha kwamba kiwiko chake hakina kabisa kano ya upande wa ndani, ile ambayo warushaji wengi huichana na kufanyiwa upasuaji. Madaktari walishangaa kwamba anaweza hata kuzungusha kitasa cha mlango bila maumivu. Ahadi ikafutwa. Baadaye wakampa dola 75,000, akasaini.

Nasomea uzamili wa historia, na tunafundishwa kuihoji picha kama tunavyoihoji barua au ripoti. Picha ile haikusema uongo: kano haikuwepo. Lakini mtu anaweza kuwa na ushahidi sahihi akaufanyia hesabu mbaya. Mkono uliopunguziwa bei kwa hofu kwamba hautadumu ulirusha mipira hadi mwaka 2017.

Wanaosimulia maisha ya Dickey kwa haraka huyamaliza kwa methali: mvumilivu hula mbivu. Hapa methali hiyo hainitoshi. Tangu 1997 hadi 2005 Dickey alivumilia kweli, akipanda na kushuka kati ya ligi kuu na ligi za chini, akirusha kama warushaji wengine wote, na mbivu hazikuja. Kasi ya mpira wake ilikuwa ikipungua. Uvumilivu ulikuwa unamzeesha tu. Kilichobadilisha mambo ni kwamba mwaka 2005, akiwa na miaka 30, kocha mkuu Buck Showalter na kocha wa warushaji Orel Hershiser walimshauri aache alichokijua na kujifunza nakoboli.

Nakoboli ni mpira wa besiboli unaorushwa bila kuzungushwa. Jina lake limetokana na vifundo vya vidole, ingawa siku hizi warushaji hukita kucha na ncha za vidole, kisha huuachia mpira bila kuusokota. Mpira wa kawaida wa kasi huenda zaidi ya kilomita 140 kwa saa na kuzunguka mara nyingi katika mita 18 hivi kati ya mrushaji na mpigaji; mzunguko huo ndio unaoufanya ufuate njia inayotabirika. Nakoboli huenda polepole zaidi na hugeuka labda mara moja tu njiani. Mishono ya mpira inauvuruga upepo upande huu, halafu upande ule, na mpira unayumba. Tuliozoea soka tumeshaona ndugu yake: ile mipira ya adhabu ya Juninho iliyokuwa ikimfanya kipa aruke kulia huku wavu ukitikisika kushoto. Kwenye nakoboli si mpigaji peke yake anayehangaika. Mdakaji wa timu yako huvaa glavu kubwa zaidi, na wewe uliyerusha hujui mpira utaishia wapi.

Ukizunguka hata kidogo zaidi ya inavyotakiwa, unakuwa mpira wa polepole ulionyooka, zawadi kwa mpigaji. Tarehe 6 Aprili 2006 Dickey alianza mechi yake ya kwanza kama mrushaji wa nakoboli, dhidi ya Detroit Tigers. Mipira 6 ikapigwa ikavuka uzio, idadi iliyofikia rekodi mbaya ya enzi ya kisasa. Akarudishwa ligi za chini.

Kuanzia hapo kumbukumbu rasmi zinakuwa na takwimu nyingi na maelezo machache. Kwenye takwimu utaona Texas, Seattle, Minnesota, ushindi mchache na kushuka daraja mara kwa mara. Usichokiona ni walimu. Charlie Hough, aliyestaafu akiwa ameshinda mechi 216 na kupoteza 216, alibadilisha namna Dickey alivyoushika mpira. Phil Niekro, mshindi wa mechi 318, alimpa muda wake. Niekro mwenyewe na mdogo wake Joe walifundishwa nyumbani Ohio na baba yao, mchimba makaa ya mawe. Tim Wakefield alimsaidia Dickey wakati yeye yuko Boston na Dickey yuko Seattle, yaani mpinzani akimnoa mpinzani.

Nimejiuliza kwa nini walikuwa wakarimu hivyo katika biashara yenye fedha nyingi kiasi hicho. Nadhani ni kwa sababu ya uchache wao. Makocha wengi hawakuijua nakoboli, kwa hiyo siku ilipomgomea mtu, hakuna aliyeweza kumwambia amekosea wapi isipokuwa mwenzake mwenye ujuzi huo. Kila mmoja wao alikuwa amepata msaada kutoka kwa mwingine, na aliyemnyima mwenzake alikuwa anaizika fani yake mwenyewe.

Mwaka 2010 Dickey alipata nafasi New York Mets akiwa na miaka 35, na safari hii hakushuka tena. Januari 2012 alikuja Tanzania kupanda Kilimanjaro, mlima aliouota tangu aliposoma hadithi ya Hemingway akiwa kijana, na kuchangisha fedha kwa shirika linalowasaidia wanawake na wasichana waliouzwa kwenye biashara ya ngono huko Mumbai. Klabu ilimwandikia barua kumkumbusha kwamba akiumia mlimani inaweza kuuvunja mkataba wake wa mwaka huo, wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 4. Alikwenda, akafika kileleni, mita 5,895, akarudi na mkono wake mzima.

Msimu uliofuata alishinda mechi 20 na kupoteza 6, akawatoa wapigaji 230, na mwezi Juni alicheza mechi mbili mfululizo akiruhusu pigo moja tu la kufika kituoni katika kila moja. Novemba alipewa tuzo ya Cy Young ya National League. Alikuwa na miaka 38, na hakuna mrushaji wa nakoboli aliyewahi kuipata kabla yake. Mwezi uliofuata Mets wakamhamishia Toronto. Hakuurudia tena msimu kama ule, na alistaafu na mechi 120 za ushindi dhidi ya 118 za kupoteza.

Wakefield alikuwa amestaafu mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2012, kwa hiyo Dickey alipoipokea tuzo alikuwa karibu peke yake katika fani hiyo. Tangu hapo wamejitokeza wachache sana. Matt Waldron alianza kuichezea San Diego Padres mwaka 2023. Niekro alifariki 2020, Wakefield 2023. Wanaosaka vijana hukaa na mashine ya kupima kasi, na mashine hiyo haina namba ya kumsifia anayerusha polepole kwa makusudi. Sisi tuliopangwa kwa divisheni za mtihani wa kidato cha nne tunaifahamu mashine ya aina hiyo. Inapima kweli, tena kwa usahihi. Tatizo ni kile kinachokufa kwa sababu haikipimi.

Kwenye orodha ya washindi wa Cy Young wa National League, mwaka 2012 una jina moja. Nikiusoma mstari huo naona pia Hough, Niekro na Wakefield, na mchimba makaa wa Ohio anayewarushia mpira wanawe baada ya kazi.