Upatanifu wa maunzi na Linux

Upatanifu wa maunzi na Linux ni hali ya vifaa vya kompyuta, kama vile prosesa, diski, kadi ya Wi-Fi na printa, kutambuliwa na kufanya kazi chini ya mfumo wa uendeshaji wa chanzo huria unaotumia kerneli ya Linux. Ukaguzi wake hufanywa kabla ya kusakinisha, wakati mfumo wa zamani na mafaili ya mwenye kompyuta bado yapo salama.

Ukaguzi huu una uzito zaidi mahali palipo mbali na maduka makubwa ya vipuri na ambapo watu wengi hutumia intaneti ya vifurushi vya simu. Mfano wa mahali hapo ni Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania.

Usuli

Kerneli ya Linux ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Mifumo mingi imejengwa juu yake, ikiwemo Debian (1993) na Ubuntu (2004). Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili.

Programu inayounganisha kifaa na mfumo huitwa draiva. Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya kerneli yenyewe, hivyo kifaa kinachotambuliwa hufanya kazi bila CD ya mtengenezaji. Shida hutokea pale mtengenezaji asipotoa maelezo ya kifaa chake, au kifaa kinapohitaji faili la ziada lenye leseni isiyo huria.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa kompyuta hizo, Linux ni njia mojawapo ya kuendelea kupata masasisho ya usalama.

Vifaa vinavyokaguliwa

* Prosesa: Ubuntu ya kompyuta za mezani iliacha kutoa diski za kusakinishia za biti 32 mwaka 2017, na Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena kisakinishi cha aina hiyo. Kompyuta ya biti 32 huhitaji mfumo mwingine au toleo la zamani.
* Kumbukumbu na diski: Ubuntu 24.04 inapendekeza RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 25. Kompyuta dhaifu hufaa zaidi kwa mifumo myepesi kama Lubuntu.
* Wi-Fi: kadi nyingi za Intel na Atheros hutambuliwa bila shida. Baadhi ya kadi za Broadcom huhitaji faili la ziada. Tangu Debian 12 (2023), diski rasmi za Debian zina mafaili mengi ya namna hii.
* Kadi ya michoro: kadi za Nvidia mara nyingi huhitaji draiva ya kampuni ili kutoa nguvu yake yote.
* Modemu ya USB: modemu nyingi za laini ya simu hujionyesha kwanza kama CD. Programu ya usb_modeswitch huzigeuza zitambuliwe kama modemu.
* Printa: printa nyingi za HP huhudumiwa na programu ya HPLIP. Baadhi ya printa za bei nafuu za aina nyingine hazina draiva ya Linux.
* Mipangilio ya BIOS au UEFI: diski iliyowekwa katika hali ya RAID ya Intel huenda isionekane na kisakinishi mpaka ibadilishwe kuwa AHCI. Kuibadilisha bila maandalizi kunaweza kuizuia Windows iliyopo isiwake.

Namna ya kukagua

Njia ya uhakika zaidi ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo wa Linux na kuutumia bila kuusakinisha. Mafaili yaliyo kwenye diski hayaguswi. Mtumiaji hujaribu Wi-Fi, sauti, kamera, kibodi, printa, na kuilaza kompyuta kisha kuiamsha.

Amri ya lscpu huonyesha aina ya prosesa, free -h ukubwa wa RAM, na lsusb vifaa vya USB. Amri ya lspci -k huorodhesha vifaa vya ndani pamoja na draiva inayotumika. Kifaa kisichoonyeshwa draiva yoyote ndicho cha kufuatiliwa kwanza. Amri ya smartctl husoma afya ya diski.

Katika mazingira ya Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu ya Mkoa wa Rukwa. Mpanda ni mwisho wa tawi la reli linalotoka Kaliua, mkoani Tabora. Kwa miaka mingi mji huo haukuwa kwenye gridi ya taifa na ulipata umeme wa jenereta za dizeli.

Umeme ukikatika wakati diski inagawanywa, mafaili yanaweza kupotea. Kwa sababu hiyo nakala huhifadhiwa kwanza kwenye diski nyingine, na betri ya laptopu hujazwa kabla ya kuanza.

Diski ndogo ya Debian hupakua sehemu kubwa ya mfumo wakati wa kusakinisha, hivyo humaliza kifurushi na kukwama mtandao ukikatika. Faili kamili la GB kadhaa linaweza kupakuliwa mara moja penye mtandao mzuri, kuhakikiwa kwa namba ya SHA256, kisha kutumika kwa kompyuta nyingi. Kadi ya Wi-Fi ikigoma, simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB kwa kawaida huipa kompyuta intaneti ya kupakulia draiva inayokosekana.