Betri ya padi ya gemu: iliyofungiwa ndani au ya kubadilisha?

Karibu kila wiki nafuata kifurushi kwenye mabasi yanayoshuka Mombasa. Ndani huwa mna padi za gemu: mbili kutoka Kibwezi, moja ya Mutomo, mara nyingine tatu za Wote zilizofungwa kwa gazeti. Wenyewe ni vijana wenye vibanda vya gemu sokoni, na ujumbe wao hufanana: "Fundi, hii imekufa." Nikiifungua, mara nyingi padi nakuta ni nzima. Iliyokufa ni betri.

Kwa anayecheza nyumbani, hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye kibanda ni mkate wake. Mechi ya mpira ni ya watu wawili. Padi moja ikilala, televisheni nzima imelala, na wateja wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Padi ikitumwa Mombasa au Nairobi kutengenezwa, kuna nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na siku kadhaa bila mapato. Kwa hiyo swali la betri ya aina gani lifaa kuulizwa kabla ya kununua.

Aina ni tatu, si mbili

Watu huzungumza kana kwamba kuna padi za betri ya ndani na padi za mawe, basi. Mimi ninayezifungua nazigawa mara tatu.

Ya kwanza ni padi za mawe madogo, yale ya saizi ya AA tunayotia kwenye rimoti na saa za ukutani. Nintendo walitoa WaveBird mwaka 2002 ikitumia mawe mawili ya aina hiyo. Padi ya Xbox 360 ilifuata mwaka 2005, na padi za kawaida za Xbox One na Xbox Series zimeendelea hivyo hivyo. Unafungua kifuniko cha nyuma kwa kidole, unatoa mawe, unatia mengine, unaendelea na mchezo.

Ya pili ni padi ambazo betri yake ya lithiamu imefungiwa ndani lakini inachomoka. Hapa ndipo zilipo padi za PlayStation, ambazo ndizo nyingi katika vibanda vyetu. DualShock 3 ya PS3 ina betri ya mAh 570, DualShock 4 ya PS4 ina mAh 1000, na DualSense ya PS5 ina mAh 1560. Kwa nje hakuna kifuniko cha betri, ndiyo maana watu hudhani haibadilishwi. Lakini ndani betri imeshikwa kwa plagi ndogo tu. DualShock 4 unaifungua kwa kutoa skrubu 4 za nyuma, unaachanisha magamba mawili taratibu usikate utepe mwembamba unaoyaunganisha, unachomoa plagi, unatia betri mpya. DualSense ina kazi zaidi, kwa sababu skrubu zake zimefichwa chini ya pambo la mbele na chini ya vitufe vya juu. Hata hivyo, fundi wa simu mwenye subira ataifungua.

Ya tatu ndiyo mtego. Hizi ni padi za kuiga zinazouzwa rahisi, zenye umbo la padi ya PlayStation na hata nembo yake. Katika nyingi nilizofungua, betri ni ndogo kuliko inavyodaiwa, na nyaya zake zimelehemiwa moja kwa moja kwenye ubao. Betri ikifa, lazima upate mtu mwenye chuma cha kulehemu na betri inayoingia katika nafasi ile. Wengi huona afadhali kuitupa.

Hesabu ya kibanda

Betri ya lithiamu huhesabiwa umri wake kwa mizunguko ya chaji. Baada ya mizunguko 300 hadi 500 kamili, huanza kushika chaji pungufu kwa namna unayoiona. Anayecheza nyumbani akichaji mara mbili kwa wiki, anafikisha mizunguko kama 100 kwa mwaka, na padi yake itadumu miaka. Kibanda kinachofunguliwa saa 10 kwa siku kitachaji DualShock 4 kila siku, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Hiyo ni mizunguko zaidi ya 300 kwa mwaka mmoja. Basi mwenye kibanda asishangae padi ikichoka mwaka wa pili. Haikurogwa, na huenda hakuuziwa mbovu. Imetumika.

Kisha kuna joto. Betri ya lithiamu huzeeka haraka ikiwa mahali pa joto, na haraka zaidi ikiachwa kwenye joto hilo huku imejaa chaji. Kibanda cha bati Kibwezi au Mtito Andei saa nane mchana ni jiko. Ukiacha padi zimechomekwa usiku kucha, kisha zishinde chini ya bati, unaziua mara mbili. Zichomoe zikijaa, na uzitundike mbali na bati na dirisha la jua.

Mawe nayo yana hesabu yake. Microsoft husema padi ya Xbox hufika hadi saa 40 kwa mawe mawili. Kibanda cha saa 10 kwa siku, basi, kitakula jozi moja kila siku nne. Kwa mwaka ni jozi kama 90, yaani mawe 180 kwa padi moja. Hayo ni mawe ya alkali; yale rahisi ya kaboni, ambayo ndiyo mengi dukani, huisha upesi zaidi. Anayekuambia padi ya mawe ni nafuu bila kukwambia mawe gani, hajapiga hesabu.

Dawa ni mawe ya kuchaji, ya aina ya NiMH. Nunua jozi mbili kwa kila padi: moja inacheza, nyingine iko kwenye chaja. Yana volti 1.2 badala ya 1.5, lakini padi hufanya kazi vizuri, na yakitunzwa huchajiwa mamia ya mara. Kwa mahali ambapo stima hukatika, au kibanda kinaendeshwa kwa sola, hii ni faida kubwa: unachaji mchana jua likiwa kali, unacheza jioni. Wala hakuna waya unaovutwa na wachezaji wenye jazba. Tundu la chaji lililolegea ni ugonjwa wa pili ninaouona kwenye DualShock 4, na chanzo chake ni kucheza huku padi imechomekwa.

Tahadhari tatu

Ya kwanza: kuna betri za lithiamu zinazoitwa 14500, zinazotumika kwenye tochi, ambazo kwa umbo hazitofautiani na mawe ya AA. Zina volti 3.7 kila moja. Mbili kwa pamoja ni zaidi ya volti 7 kwenye padi iliyotengenezewa 3. Nililetewa padi kutoka Mutomo iliyotiwa hizo, ubao umeungua na kunuka. Soma volti kabla ya umbo.

Ya pili: usiamini namba kubwa kwenye karatasi. Jiwe la AA la NiMH lililoandikwa mAh 4000 linadanganya. Mazuri kabisa huwa karibu na 2500. Vivyo hivyo betri ya DualShock 4 yenye umbo lile lile la asili lakini inayodai mara tatu ya uwezo.

Ya tatu: betri ya lithiamu ikivimba hadi magamba ya padi yanaachana, acha kuichaji papo hapo. Usiitoboe, usiikandamize irudi, usiitupe motoni. Inaweza kuwaka. Wanaoshika padi hizi wengi wao ni watoto.

Zikifa zinaenda wapi?

Hapa ndipo jambo linapotoka kibandani. Ukambani, mto mwingi wa msimu ni mto wa mchanga. Mvua ikiisha, maji hubaki chini ya mchanga, na watu huchimba na kuyachota kwa kata. Kitui na Makueni zinajulikana mbali kwa mabwawa ya mchanga yaliyojengwa kwa ajili hiyo. Taka za sokoni hutupwa korongoni, na mvua ya Novemba huzisukuma hadi kwenye mchanga ule ule. Mawe 180 kwa mwaka kwa padi moja ni mzigo. Padi nzima iliyotupwa kwa sababu ya betri moja ni mzigo pia.

Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za elektroniki. Lakini Nairobi ni mbali na Ikutha. Naona serikali za kaunti hizi mbili zingeweza kuanza na jambo dogo: pipa la betri katika kila soko kubwa, na gari la kulichukua mara moja kwa miezi kadhaa. Sisi wa Pwani tusicheke, kwani hatuna la kujivunia. Betri zetu zinaishia ufuoni.

Ulaya wamekwenda mbele kidogo. Kanuni yao ya betri ya mwaka 2023 inasema kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri ndogo ndani ya vifaa lazima iweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa vifaa vichache vilivyoachiliwa. Hofu yangu ni kwamba vile visivyokubalika kwao vitapakiwa kontena na kushushwa Kilindini, kisha vipande barabara hadi Emali na Mwingi. Sisi ndio tutakaovizika.

Ukienda kununua

Usimuulize muuzaji betri inakaa saa ngapi peke yake. Muulize: siku ikifa, nafanyaje? Kama ni ya mawe, jumlisha bei ya jozi mbili za kuchaji na chaja yake. Kama ni ya PlayStation, hakikisha ni ya asili, kisha nunua betri ya akiba uiweke mahali pa baridi ikiwa na chaji nusu. Angalia mfano wa padi yako kwanza, maana plagi ya DualShock 4 za mwanzo si sawa na ya zile zilizofuata. Kama ni ya kuiga, mwombe aifungue mbele yako. Ukiona nyaya zimelehemiwa, rudisha pesa mfukoni.

Na wewe wa Wote uliyeniletea tatu wiki jana: zote nzima. Nimezitia betri mpya, zinapanda na basi la kesho. Nimekuwekea na bisibisi ndogo humo ndani. Mara nyingine usinitumie padi, agiza betri tu.