Mkutano Wetu wa Kwanza Onduparaka

Amin alipoanguka mwaka 1979, wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani. Waliporudi, wakatupokea sisi wakimbizi. Hata hivyo tuligombania kisima.

Kati ya 1993 na 1995, huko Bundibugyo, shirika la ActionAid lilijaribu elimu ya watu wazima ambamo wanakijiji huchora ramani ardhini na kujadili shida zao wenyewe. Nilipoongoza mkutano wa namna hiyo mara ya kwanza, nilitaka kujibu kila swali, kama darasani. Mzee mwenyeji akasema, "Mwalimu, mpe mama yule kijiti." Mama mkimbizi akachora kisima na njia zote za kukifikia. Jioni hiyo tulipanga zamu pamoja.

Kamati ikumbuke: kazi ya mwongozaji ni kusikiliza.