Mapumziko Kigali na Kampala: Jinsi ya kulinda pesa ya matumizi

Na Mwandishi Wetu

Wafanyabiashara na wasafirishaji wa Kanda ya Ziwa huvuka mipaka ya Rusumo na Mutukula mara nyingi kuliko watu wengine wa nchi hii. Bei za mizigo, mafuta na ushuru wanazijua kwa kichwa. Lakini wengi wao wanaposafiri na familia kwa mapumziko hurudi wakiwa wametumia zaidi ya walivyopanga, na pengo hilo huzibwa kwa mtaji wa biashara. Pesa hiyo haiibwi wala haipotei kwa siku moja. Huliwa kidogo kidogo kwenye dirisha la kubadili fedha, kwenye mashine ya ATM na kwenye laini ya simu.

Makala haya yanafuata mzunguko unaojulikana: Mwanza hadi Rusumo, Kigali, Gatuna, Kampala, Mutukula, Bukoba na kurudi Mwanza. Ni safari ya nchi tatu na sarafu tatu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, msafiri hana tena haja ya kupanga foleni ya kivuko akitoka au akirudi Mwanza.

KILA UKIBADILI FEDHA UNALIPA

Duka la kubadili fedha lina bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Tofauti ya bei hizo ndiyo faida ya mwenye duka, na ndiyo gharama yako hata pale bango linaposema hakuna ada.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Duka linauza dola kwa shilingi 2,650 na kununua kwa shilingi 2,550. Ukinunua dola kwa shilingi 1,000,000 utapata dola 377 na senti. Safari ikiahirishwa, ukazirudisha dola hizo dukani siku hiyo hiyo, utapewa shilingi 962,264. Umepoteza shilingi 37,736 na hujanywa hata soda.

Sasa fikiria shilingi zilizogeuzwa dola Mwanza, dola zikawa faranga Kigali, faranga zikawa shilingi za Uganda Gatuna, na masalia yakarudishwa kuwa shilingi za Tanzania Mutukula. Kiasi kilichopita madirisha yote manne, kwa pengo la bei kama hilo, kinapungua kwa takriban asilimia 7.4. Katika kila shilingi 1,000,000 ni karibu shilingi 74,000. Hiyo ni nauli ya mtu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kupunguza idadi ya madirisha. Ukipata mahali pa kubadili shilingi moja kwa moja kuwa faranga kwa bei nzuri, usipitie dola. Kabla ya kukubali, piga hesabu ya njia zote mbili: shilingi kwenda faranga, na shilingi kwenda dola kisha faranga. Chagua inayokupa faranga nyingi. Benki Kuu za Tanzania, Rwanda na Uganda hutangaza viwango vyao kwenye tovuti zao. Hutapata bei hiyo dukani, lakini utajua umbali wa bei unayopewa na bei ya soko.

Kanuni ya pili ni kutorudi na masalia. Siku ya mwisho katika kila nchi lipia hoteli, mafuta na tiketi kwa fedha ya nchi hiyo hadi iishe. Sarafu za chuma zitumie kabla ya mpaka, kwani wabadilishaji wengi hawazipokei.

TENGENEZA MIFUKO MITATU

Mfanyabiashara ana tatizo ambalo mfanyakazi wa mshahara hana: pesa zake zote zinafanana. Akiona bidhaa nzuri Kampala, mkono unaenda kwenye pesa ya likizo. Likizo ikizidi, mkono unaenda kwenye pesa ya mzigo. Dawa yake ni kutenganisha kabla ya kuondoka.

Mfuko wa kwanza ni gharama zinazojulikana, yaani nauli au mafuta, malazi, bima ya gari na vibali. Mfuko wa pili ni matumizi ya kila siku: chakula, usafiri wa mjini, viingilio na zawadi. Gawanya kiasi hicho kwa idadi ya siku, na kila asubuhi toa cha siku hiyo tu. Kikibaki, kinaongezwa kesho. Mfuko wa tatu ni dharura, kama vile ugonjwa, gari kuharibika au mpaka kuchelewesha. Huo ukae mbali na pochi, ikiwezekana kwa mwenzi wako wa safari.

Mtaji haumo katika mifuko hii. Uache benki. Anayelazimika kubeba fedha nyingi akumbuke kuwa Tanzania inamtaka msafiri anayevuka mpaka na fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi azitamke kwa Forodha. Kuzinyamazia kunaweza kusababisha zikamatwe.

NOTI, DOLA NA MAJINA YANAYOCHANGANYA

Tanzania na Uganda zote hutumia neno shilingi, lakini thamani si moja. Katika miaka ya karibuni shilingi ya Tanzania imekuwa nzito kuliko ya Uganda, na faranga ya Rwanda imekuwa nzito kuliko zote mbili. Unapotajiwa bei karibu na mpaka, uliza ni shilingi ya wapi. Noti kubwa kuliko zote Tanzania ni ya 10,000, Rwanda ni ya 5,000 na Uganda ni ya 50,000. Mgeni anayeona noti ya 50,000 hujiona tajiri, akaanza kutoa bakshishi bila hesabu.

Angalia pia toleo la noti. Rwanda ilitoa noti mpya za faranga 2,000 na 5,000 mwaka 2024. Tanzania iliondoa kwenye mzunguko noti zake za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na muda wa kuzibadilisha ulikwisha Aprili 2025. Aliyeko ng'ambo ya mpaka asikubali kurudishiwa noti hizo.

Kwa dola, chukua noti safi, zisizochanika wala kuandikwa. Za zamani hukataliwa au hupewa bei ya chini. Noti za dola 100 na 50 kwa kawaida hupata bei nzuri kuliko za 1, 5 na 10.

Msomaji wa Uganda au Rwanda anayekuja Tanzania ajue kuwa kanuni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Badili kwanza kwenye benki au duka lenye leseni, na dai risiti.

Wanaobadili pesa mkononi mpakani wana bei ya kuvutia, lakini hakuna risiti na hakuna pa kulalamika. Mbinu zao zinajulikana: kikokotoo kilichochezewa, noti iliyokunjwa ikahesabiwa mara mbili, na haraka ya kukwambia polisi wanakuja. Hesabu mwenyewe, kwa kikokotoo cha simu yako, kabla pesa yako haijatoka mkononi.

KADI YA BENKI NA SIMU

Kabla ya kuondoka uliza benki yako mambo matatu: kadi inafanya kazi nje, ada ya kila kutoa ni kiasi gani, na kikomo cha siku ni kipi. Kama ada ni ya kiwango kimoja, kutoa mara moja kiasi kikubwa ni nafuu kuliko kutoa mara tano. Mashine ikikuuliza kama unataka ukatwe kwa fedha ya nchi yako, kataa. Chagua fedha ya nchi uliyopo, kwa sababu kiwango cha mashine mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako.

Pesa za simu zinasaidia sana, lakini hazina bei moja kila nchi. Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa kwa wakala, mbali na ada ya kampuni. Kulipa dukani kwa simu pale inapowezekana kunakuepusha na kodi hiyo. Intaneti ya simu izimwe kabla ya mpaka, hadi utakapojua bei ya laini yako nje au utakapopata laini ya nchi hiyo. Kununua laini kunahitaji hati ya kusafiria.

HATI NA GARI

Mtanzania asafiri na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kila mtoto awe na hati yake. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda hutembeleana kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, lakini utaratibu huo ni wa nchi hizo tatu. Mtanzania hatozwi viza Rwanda wala Uganda. Ukidaiwa pesa, omba risiti ya serikali.

Kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni halali maisha yote, hivyo usilipie chanjo mpya kwa sababu tu miaka 10 imepita. Ya pili ni Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya gari dhidi ya madhara kwa wengine. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imo katika mpango huo wa bima. Ikate kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Beba pia kadi ya gari, na kama gari si lako, barua ya mwenye gari. Forodha watakupa kibali cha muda, na tarehe ya kwisha kwake iandike mahali utakapoiona.

Ukivuka Rusumo unahamia upande wa kulia wa barabara. Ukiingia Uganda unarudi kushoto.

SAA, MIFUKO NA JUMAMOSI YA MWISHO

Rwanda iko nyuma ya Tanzania na Uganda kwa saa moja. Basi la saa 12 asubuhi kwa saa za Kigali linaondoka saa 1 kwa saa za Mwanza. Anayekwenda Kampala arudishe saa yake mbele Gatuna, la sivyo atachelewa miadi na kulipa tiketi mara mbili.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi Wanyarwanda hufanya umuganda, kazi ya pamoja, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi. Maduka mengi hufungwa na magari huzuiwa. Usipange kuingia wala kutoka mjini saa hizo.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008 na Tanzania tangu Juni 2019. Panga vitu kwenye mfuko wa kitambaa kabla ya kufika forodhani.

UKIRUDI NYUMBANI

Siku ya kwanza baada ya safari, hesabu kilichobaki katika kila mfuko na uandike kilichotumika kwa kila nchi. Kama mfuko wa pili ulikwisha siku tatu kabla ya safari kuisha, kiasi cha siku kilikuwa kidogo, na safari ijayo siku zipungue au akiba iongezwe. Kama zilizokwisha ni pesa za mzigo, andika hilo kuwa deni lako kwa biashara, na ulilipe kabla ya kuagiza mzigo mwingine.